Mtaro wa Marejea

Shangazi yangu Mwamini, fundi cherehani wa Rwezamenyo, alipanda marejea, mmea wa kurutubisha udongo, kila mwaka kwenye kibustani chake. Yakianza kutoa maua ya manjano aliyafyeka, akachimba mtaro, akayafukia mabichi yaoze, kisha akapanda mchicha juu yake. Majirani waliuomba mchicha huo bila haya.

Mwaka 1993, mwaka mmoja kabla ya mauaji ya kimbari, uvumi ulizagaa mtaani kwamba kuna watu wanawachimbia wenzao makaburi, wajiandae kuwaua. Mmoja wa walaji wale wale wa mchicha akaenda kumshtaki shangazi kwa nyumbakumi, kiongozi wa nyumba zetu kumi. Mpaka leo sijamsamehe.

Mtaro ulikuwa umefika magotini nyumbakumi wetu alipoingia bila hodi.

"Mama, hili shimo la nani?"

Shangazi akamwonyesha marejea yaliyofyekwa, akamweleza habari za rutuba, maneno yakimtoka mbiombio. Akabeba fungu la kwanza alitupe ndani, ili yule bwana ajionee mwenyewe.

Hakuyatazama majani. Alitembea kando ya mtaro toka mwanzo hadi mwisho, akihesabu hatua.

"Nimekuamini, mama," alisema kwa upole. "Lakini usilifukie. Tutalihitaji."