Nilivyomlimia Mwende Mchanga

Kuna lori humwaga mchanga karibu na pale ninapouzia chapati, Kitui mjini. Ukimwagwa ukiwa bado na unyevu, ile harufu hunirudisha kijijini kwetu Nuu kabla sijageuza chapati. Nyingi zimeungua hivyo, na wateja wangu wamezoea.

Ni harufu ya mto wetu. Usidhani ni mto wa maji. Karibu mwaka mzima ni mchanga tu, na hapo ndipo Kochi Mutua alikuwa anatufundisha samasoti, kuruka na kupinduka hewani. Alikuwa ameruka sarakasi kwa mahoteli ya Mombasa mpaka goti likakataa, akarudi nyumbani na fimbo. Akasema siku ya kufunga shule atachagua mtoto mmoja wa kuruka kutoka juu ya ukingo, wazazi wote wakitazama. Mimi nikaambia kila mtu huyo mtoto ni mimi.

Nilipanda ukingo mara moja. Nikaangalia chini, nikakumbuka nina kazi nyumbani, nikashuka kwa matako.

Mdogo wangu Mwende, miaka nane, meno ya mbele hana, akapanda akaruka. Hewani alijikunja kama jongoo aliyeguswa, akatua kwa miguu. Kochi akacheka mpaka akasahau goti. Mimi akanipa jembe. Kazi yangu ikawa kulima pale Mwende anapotua, kwa maana mchanga usipolimwa hushikana, unakuwa sakafu.

Jameni, wivu. Hata majina yalikuwa yananiuma. Yeye Mwende, yaani anayependwa. Mimi Syombua, eti nilizaliwa wakati wa mvua, na mvua ya Nuu mnajua vile huja ikitaka. Mama alimkaangia mayai, ati apate nguvu. Mimi niliyelima nikapewa sufuria nioshe.

Siku moja, zikiwa zimebaki mbili tufunge, sikulima. Nilichukua tawi nikapigapiga juu juu, pakaonekana laini. Sikutaka avunjike. Nilitaka tu atue vibaya, alie kidogo, Kochi aone na yeye ni mtoto kama sisi.

Mwende akasimama juu, akauliza kama kila siku, "Umelima, mwana wa mwaitu?" Ndivyo tunaitana, mtoto wa mama yangu.

"Nimelima."

Akafunga macho. Hiyo sikuwa nimewahi kuona, kwa sababu siku zingine nilikuwa naangalia kando nimenuna. Akakunja magoti. Miguu yangu ikakimbia bila kuniuliza, nikaketi pale pa kutua kama kuku anayelalia mayai. Watoto wakacheka. Kochi akaja polepole, akachoma mchanga na fimbo. Haikuingia.

"Lima," akasema. "Tutangoja."

Wakangoja wote. Mwende alikaa juu, miguu ikining'inia, akiniangalia. Nililima kamasi zikishuka. Heri ningechapwa.

Kesho yake Kochi akampa Mwende jembe, mimi akanielekeza juu. Nikajua leo nimekwisha. Pale juu nikasikia mdomo wangu ukimuuliza kama amelima. Akasema amelima. Sikuwa na njia ingine ya kujua. Nikaruka. Nilitua kwa matako, mchanga mpaka ndani ya masikio, na haikuuma hata kidogo. Mwende ndiye alikuja kunipangusa.

Siku ya wazazi aliruka yeye. Mimi nililima tangu asubuhi, pakawa kama shimo la kuzika ng'ombe.

Miaka mingi nilifikiri nilikuwa namwonea wivu mtoto asiyejua kuogopa. Lakini mtu asiyeogopa hawezi kuuliza kila siku, wala hafungi macho. Mwende alikuwa anaogopa kama mimi kabisa. Tofauti ni kwamba yeye aliamua kumwamini dada yake, na huyo dada mmeshamjua.