Taa zinaungua upande mmoja wa duka, anafukuzwa Mama Kapinga

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Haya niliyaona kwa macho yangu, sina cha kuongeza. Hasira bado haijanitoka, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni fundi umeme. Patron mmoja mwenye duka kubwa la chakula kule mtaa wa Golf aliniita. Taa zake ndefu za néon zilikuwa zinakufa ovyo. Anaweka mpya, muda si mrefu ncha zake zimekuwa nyeusi, basi, kwisha.

Nikauliza nani ananunua taa.

"Mama mumoja wa Kasai, Kapinga. Nilishamufukuza. Za muzuri alikuwa anauza, anatuletea za bubaya."

Mama Kapinga namfahamu, tunasali pamoja. Mjane. Tangu afukuzwe, kanisani watu walikuwa wanavuta mikoba yao akikaa karibu.

Nikapanda ngazi.

Wakuu, taa zilikuwa zinakufa upande wa sabuni tu. Upande wa vinywaji, taa zilezile, za katoni ileile, zinawaka vizuri. Sasa taa feki inachagua upande wa kufia? Na huyu patron anapita chini yake kila siku.

Nikapima tension, yaani nguvu ya umeme, upande wa sabuni. Kawaida. Nikangoja. Mafrigo ya nyama yalipoanza kunguruma, namba ikaruka juu sana. Yakizima, inashuka.

Nikafungua tableau, lile sanduku la kugawia umeme. Waya wa neutre, ule unaorudisha umeme, ulikuwa umelegea, na plastiki yake imeyeyuka.

Kwa wasio mafundi: neutre ikilegea, umeme unakosa mizani. Mashine nzito ikianza kwenye laini moja, laini nyingine inapigwa na umeme uliozidi. Taa zinakufa kwanza. Baadaye ni moto, na kulikuwa na watu mule ndani.

Nikazima kila kitu, nikakata sehemu iliyoungua, nikafunga upya na kukaza. Mafrigo yakawaka, tension ikatulia.

Nikamwita patron, wauzaji wake wakisikia. "Patron, ule mama hakuiba kitu. Njo hii waya ilikuwa inakula taa."

Akaangalia. "Bon. Mambo ya ule mama ilishapita."

Nikamwambia, "Kwako ilipita. Kwake, kila siku ya Mungu banamuangalia kama mwizi."

Akageuka, akaenda zake.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa Mama Kapinga. Nikamweleza. Akauliza, "Ni patron njo alikutuma?"

"Hapana, mama. Nimekuja mwenyewe."

Hakulia, hakucheka. Aliita watoto wake, akawakalisha. "Sasa sema tena. Bo batoto pia basikie."

Nikarudia yote, taratibu. Binti yake mkubwa akaniuliza, "Kwa hiyo mama hakuiba?" Nikasema hakuiba. Akaniuliza tena. Nikasema tena.

Baadaye patron alituma mtu kumwita arudi kazini. Mama Kapinga alikataa.

Funzo: taa zikifa mapema, pimeni tension mashine zikiwa zinafanya kazi, kagueni neutre na ballast, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa taa, kabla ya kumnyooshea muntu kidole. Na sisi mafundi, ukweli tukiupata tusiuache ndani ya tableau. Tuupeleke kwa aliyesingiziwa.

Mliowahi kuitwa wezi kazini bila kosa, andikeni hapa chini. Mngeitwa tena, mngerudi?