Rahma, aliyempa kahawa kila mgeni wa kwenye kanda

Bado nimeshika simu, na bado siamini. Jana asubuhi Rahma alinitumia ujumbe wa sauti kunisema kwamba kwenye picha yangu mpya nimenuna kama mtu wa audit. Jioni nikapigiwa kuambiwa hayupo. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Wengi wenu humu mnamjua kama bosi wetu wa Nizwa, yule aliyefungua meeting kwa kichekesho na kuifunga kabla chai haijapoa. Mimi nilimjua kabla ya ofisi, katika mji wa Ibra, hapahapa Oman, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sote wawili tulikuwa wasichana wenye kelele.

Sisi tulikuja kutoka Tabora, wao kutoka Unguja. Siku ya kwanza alikicheka Kiswahili changu, nami nikakicheka chake, na hapo urafiki ukaanza.

Mama yangu hakuwa na wa kucheka naye. Kiarabu hakukijua. Majirani walikuja kumkaribisha, wakanywa kahawa, wakatabasamu, wakaondoka. Siku moja nikamsikia akimwambia baba, "Nirudishe Tabora. Hapa nitakufa na mdomo umefungwa."

Baba hakukataa, na baba asipokataa jambo ujue ameanza kulifikiria. Niliogopa sana.

Nikamweleza Rahma. Pole hakunipa. Alisema tu, "Ngoja kaka aje na kanda."

Kaka yake alifanya kazi Maskati, na kila Alhamisi alirudi na kanda za video za vichekesho vya Kimarekani, vile vya nusu saa: sebule moja, kochi moja, mlango ambao kila mtu anaingia kwa kishindo, na kicheko cha watu usiowaona. Rahma alivipenda kupita kiasi. Kiingereza alikipata kwenye kozi ya taipu, na pale kilipomwishia alibuni.

Alhamisi ile akaja kwetu na mashine ya video, na njiani akampitia Umm Khalfan, jirani yetu wa Kiomani asiyejua Kiswahili hata kidogo. Akamketisha ubavuni mwa mama. Kisha akasimama kando ya televisheni, akawa anatafsiri, mara Kiswahili, mara Kiarabu, na sauti zote anaziigiza yeye.

Kisa chenyewe: mume kamleta bosi wake nyumbani bila kumwambia mkewe. Bosi kaingia, kakaa, kasema yake, kaondoka. Hakupewa hata maji.

Mama akashika kichwa. "Mgeni anaondoka hivihivi? Hata kahawa?"

Umm Khalfan naye ameshika kichwa, anamwuliza Rahma jambo lilelile kwa Kiarabu. Wakatazamana wale wawili, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mama akimtazama mtu wa Ibra usoni.

Kicheko kikasikika tena kwenye kanda. Mama akanyoosha kidole. "Na hao wanaocheka chumba cha pili, wao wameshapewa?"

Rahma akamfasiria jirani. Umm Khalfan akatikisa kichwa kwa hasira: kweli kabisa, na hao je?

Nilitaka kueleza kwamba hakuna chumba cha pili, kicheko kimetiwa na mafundi. Rahma akanikata jicho. Akamgeukia mama kwa adabu zote: "Wameshakunywa, mama. Na haluwa wamepewa. Yule bosi alikuwa na haraka, mwenye nyumba anaomba radhi."

Mama akaridhika. Kuanzia siku hiyo kila aliyeingia katika zile sebule za Marekani alipewa kahawa na Rahma, kwa lugha mbili.

Wiki iliyofuata Umm Khalfan alikuja na dada zake. Baada ya muda mama akawa anadakia Kiarabu kabla Rahma hajafika kwenye Kiswahili. Alijua kugombana kabla hajajua kusalimia, maana kwenye kanda magomvi ndiyo yaliyokuwa mengi. Habari za Tabora zikaacha kutajwa nyumbani.

Nilimwuliza Rahma kwa nini alinizuia kusema ukweli. Akanijibu, "Kile kicheko wamekitia kwa ajili ya mtu anayetazama peke yake, shoga. Mama yako sasa ana watu. Mafundi wa nini?"

Tena hakuishia kutafsiri. Vichekesho vyetu vya harusini, vya wanawake, vilikuwa mtu kuvaa kanzu ya mumewe na kujiangusha. Rahma akaleta kochi na mlango. Akatutungia familia moja ya Ibra, na kila harusi tukawaona walewale: mchoyo yuleyule, mama mkwe yuleyule. Alisema Wamarekani wamemfundisha kwamba huna haja ya kumwangusha mtu. Wazoeshe watu tabia yake, kisha umfungulie mlango, watacheka kabla hajasema neno.

Leo vijana wetu wanatuma vichekesho vyao kwenye simu, sebule ileile, bosi, mkwe, na wanangu wanadhani ni mambo mapya. Nawaacha wafurahi. Rahma alikuwa akivitazama vyote na kuwaandikia kuwasifu, hata waliokosea.

Leo wamemzika, nasi wanawake tumekaa nyumbani kwao. Mama, ambaye magoti hayamtii tena, alikaa kati ya wanawake wa mtaa mzima akawasimulia Rahma alivyokuwa, kwa Kiarabu, bila kusita. Waliokuwa wakilia wakacheka, wakafuta macho, wakacheka tena.

Kisha akaniinamia, akasema kwa Kiswahili, polepole, "Yule ndiye aliyenikalisha Ibra. Wewe ulidhani sijui?"

Kweli nilidhani hajui. Sikumwambia kamwe kwamba nilimsikia siku ile, wala kwamba nilimweleza Rahma.

Rahma, mama yangu hakulia peke yake leo. Mola akupe kauli thabiti na akukunjulie kaburi lako. Lala kwa amani, shoga yangu.