Baiskeli Isiyo na Mzigo

Goti langu la kulia hukunjika hadi mahali fulani, kisha hukoma, kama mlango uliozuiwa kwa gunia upande wa ndani. Ukilisukuma zaidi, maumivu hupanda mpaka nyongani na goti lenyewe halisogei. Nayatanguliza haya ili anayesoma asikae akingoja habari njema. Mimi sikupata kusoma. Kalamu ameishika mjukuu wangu wa kike, nami nimemwamuru aandike ninavyotamka, asinionee huruma katika maneno.

Kazi yangu ilikuwa kuuza madafu. Alfajiri malori kutoka Mkuranga na Rufiji hushusha mzigo Mbagala, na sisi wauzaji tulichagua dafu moja moja, tukiligonga kwa mgongo wa panga na kusikiliza limejaa kiasi gani. Kisha kila mtu alikwenda njia yake. Vijana wengi huisukuma baiskeli kwa miguu kutwa nzima, kwa sababu mzigo ni mkubwa. Mimi nilipanda. Nilipanda kutoka Mbagala hadi Temeke, na siku nyingine hadi Chang'ombe, na kwa hilo nilikuwa na majivuno ambayo sikuyaficha.

Baiskeli ya madafu haipandwi kama baiskeli nyingine. Tenga liko nyuma, limepanda hadi usawa wa kiuno, na vichala vinaning'inia ubavuni, kwa hiyo mguu haurushwi kwa nyuma. Unaikimbiza kidogo, unakanyaga pedeli ya kushoto, kisha unaukunja mguu wa kulia mpaka goti likaribie kifua, unaupitisha mbele, kati ya siti na usukani, juu ya bomba. Na unaposimama kumhudumia mteja, ni mguu huohuo wa kulia unaotangulia kukita chini na kuuzuia uzito wote. Hakuna aliyenifundisha. Niliwatazama wakubwa, nikaanguka, nikajua.

Siku niliyoumia, pikipiki ilinikatia njia mbele ya tuta. Nilikamata breki, mzigo ukanisukuma kutoka nyuma, na goti likapiga ukingo wa mtaro wa zege. Watu waliniokota mimi kwanza, kisha wakayaokota madafu. Sina lawama kwao.

Hospitalini walisema pia ya goti, ule mfupa wa mbele, imevunjika vipande. Wakalifungua goti, wakaviunganisha vile vipande kwa waya, wakalishona. Baada ya hapo nilikabidhiwa kwa binti mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mke wa mwanangu, ninayeishi naye nyumba moja, alikuwa amesimama karibu na kitanda na alisikia kila neno. Yule binti aliniamkia kwa adabu, akaweka kiganja nyuma ya kisigino changu na kunitaka nikiburute kuelekea kwangu. Niliburuta kidogo, nikauma meno.

"Babu," aliniambia, "hili goti ukilitunza kama yai, litakuwa jiwe. Likunje kila siku, hata ukilia."

Nilimjibu kwamba mimi silii. Akacheka, akasema basi likunje bila kulia.

Niliporudi nyumbani, dada yangu mkubwa alikuwa ameshafika kutoka Buguruni. Lazima nimweleze dada yangu, kwa kuwa asiyemjua hataelewa. Mama yetu alipofariki mimi sijaanza kutembea, na mgongo ulionibeba ni wake. Katika ukoo wetu yeye ndiye mkandaji. Wanawake waliojifungua amewakanda yeye, watoto walioteguka amewanyoosha yeye, na sijasikia mtu aliyetoka mikononi mwake akilalamika. Alikuja na sufuria yake, mafuta yake ya nazi na kanga kuukuu alizozichana ziwe vitambaa vya kufungia. Hakuwa na pupa. Alingoja mpaka nyuzi zikatolewa na kidonda kikafunga. Ndipo akaanza kunikanda kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, na kila akimaliza aliufunga mguu tangu pajani hadi kifundoni, umenyooka, ukae hivyo mpaka atakaporudi kuufungua. Kwake yeye mguu uliovunjika kokote hukandwa namna hiyo, na mguu uliokandwa haukunjwi mpaka upone.

Kitanda changu kilihamishiwa sebuleni, kwa ajili ya wageni. Kwetu mgonjwa ni wa watu wote. Walikuja majirani, walikuja wa msikitini, walikuja wateja wa Temeke ambao sikuwahi kujua kama wanafahamu ninakokaa. Kila aliyeingia alinitakia shifaa na kunisihi nitulie. Mgonjwa anayejuliwa hali anapaswa kukutwa amelala kama mgonjwa, na mimi sikuwa mtu wa kuuvunja utaratibu huo. Muuzaji mwenzangu, mtu wa mzaha tangu ujana wetu, alisimama mlangoni akanitazama nilivyofunikwa.

"Umekaa kama mwali," alisema. "Hata jua hulioni. Tukuletee na mpambaji?"

Wote walicheka, nami nikacheka. Sijacheka tena kwa habari ya mguu huu.

Asubuhi moja dada alikuwa uani akichemsha maji. Mke wa mwanangu aliweka uji mezani, hakuondoka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, yule wa mazoezi alisema ukunje."

"Dada yangu akiwa ndani ya nyumba hii, mwenye neno ni yeye," nilimjibu.

Aliinamisha macho, akachukua sinia, akatoka. Nimewalea wanangu wote katika sheria hiyo, na wake zao wameikuta. Mkubwa akishatamka, mdogo hatamki tena. Nisingeweza kuipindisha sheria ya miaka yote kwa sababu siku hiyo iliniangukia mimi. Mkamwana wangu alisema kweli. Nami nilichomjibu ni kweli pia, na kati ya kweli hizo mbili goti langu likakauka.

Nilijaribu mara moja. Wageni wakizungumza, nilikivuta kisigino taratibu chini ya shuka, na vitambaa vikanikaza. Mzee mmoja wa msikitini aliona uso wangu umekunjamana, akapiga kelele kwamba mgonjwa amezidiwa. Dada akaja mbio na mikono imelowa, akafunua shuka, akaona mguu umepinda kidogo. Hakunigombeza. Aliunyoosha mwenyewe, polepole, kisha akaniambia mbele ya wote, "Mdogo wangu, unataka kuniaibisha? Watu waseme nimekuja kula tu?"

Sikulivuta tena goti lile.

Vitambaa vilipofunguliwa kwa mara ya mwisho, mguu ulikuwa umenyooka kama rula. Dada aliupigapiga kwa kiganja, akaridhika, akafungasha sufuria yake, akarudi Buguruni. Nami niliinuka kwa fimbo na kugundua kwamba nimepewa mguu wa meza. Hauwezi kupanda ngazi, huzunguka kwa nje kila nipigapo hatua, na hujikwaa kwenye mchanga wa mtaa wetu ambao nimeukanyaga miaka yote. Msikitini nawekewa kiti cha plastiki mwisho wa safu. Wenzangu wanaposhuka kusujudu, mimi nabaki juu, naona migongo yao imejipanga mbele yangu, nainamisha kichwa hewani. Sijapata kuona jambo la upweke kama kuitazama migongo ile.

Nilirudi hospitali. Yule binti alilikunja goti, likakoma pale linapokoma. Alijaribu tena, kisha akaliachia. Akaniuliza nililifanyia nini. Nilimwambia nilipumzika. Akaniuliza kama kuna mtu alilifunga. Nilimwambia nilipumzika. Dada yangu sikumtaja mle ndani, na hata hapa jina lake silitoi, mtu mgeni asipate kumkunjia uso. Binti alinieleza kwamba kovu limeshikana ndani na kwamba njia iliyobaki ni kunilaza usingizi na kulikunja kwa nguvu, au kulifungua upya. Daktari alipofika alitazama picha za mifupa yangu, akatazama umri wangu, wala hakunitia moyo. Wakaniachia mazoezi.

Niliyafanya. Nilikaa kwenye ukingo wa kibaraza nikining'iniza mguu, nikafunga kanga kwenye kifundo na kuvuta kwa mikono yote miwili mpaka jasho likaingia machoni. Mjukuu huyu anayeandika alikuwa akipita na ndoo na kugeuzia uso pembeni. Nilivuta mpaka majira ya mvua yakaja na kupita. Goti lilinipa kidogo sana, kisha likafunga mkono wake.

Ndipo nikaitaka baiskeli yangu itolewe ndani. Walinisihi niiache. Niliwaambia mwenye baiskeli ndiye anayesema lini inaachwa. Fundi wa baiskeli wa pale kona aliishika, nikapanda kutokea kwenye kibaraza, nikakanyaga. Pedeli ya kulia ilipanda nusu, ikafika pale goti linapokataa, ikarudi ilikotoka. Nikakanyaga tena, ikarudi tena. Fundi akaipandisha siti, tukajaribu. Akaipandisha mpaka bomba la siti likafika mwisho wake, na hapo, kwa kuuma meno, pedeli ikazunguka duara zima.

Kwa muda mfupi nilidhani nimerudi. Nilikwenda hadi mwisho wa mtaa, upepo ukiingia kifuani, na watoto wakakimbia nyuma yangu wakiniita babu. Nilipotaka kusimama, mguu ukatafuta ardhi na haukuipata. Siti ile inayoliruhusu goti kuzunguka ni ndefu kuliko miguu yangu. Nilishika ukuta wa jirani kwa viganja, fundi akaja kuniteremsha kama anavyoteremshwa mtoto.

Muuza madafu husimama kila anapoitwa. Akisimama, lazima akite mguu chini, tena kwa nguvu, kwa kuwa mzigo haumsubiri. Siti ikishushwa, goti halizunguki. Ikipandishwa, mguu haufiki. Nilimwuliza fundi kama kuna namna ya tatu. Alifuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee wangu," alisema, "hii sasa ni ya kupunga upepo."

Hakukusudia ubaya. Lakini mimi sijawahi kupunga upepo maishani mwangu. Baiskeli kwangu ni mzigo, na mzigo ni watu kunijua, na kujulikana ndiyo sababu ya kuamka. Sasa naamka kwa mazoea. Malori yanashusha Mbagala bila mimi, na vijana wanayagonga madafu yaleyale kwa mapanga yao. Nikilala mchana naota naukunja mguu hadi kifuani, naupitisha mbele, na katika ndoto hiyo siushangai hata kidogo. Nikiamka ndipo naushangaa.

Habari kwamba nimepanda baiskeli zilifika Buguruni, lakini habari ya siti haikufika nazo. Dada alikuja asubuhi, amevaa kanga mpya, amechoka kwa safari, uso unang'aa. Alikaa barazani na majirani wanawake wakamzunguka. Nilimsikia akiwasimulia jinsi mguu ule ulivyokuwa umevimba, jinsi alivyoukanda, na kwamba mikono yake haijapata kumwacha mtu njiani. Majirani waliitikia. Mke wa mwanangu alikuwa akimimina chai, alinitazama mara moja tu, kisha akaendelea kumimina.

"Panda basi nikuone," dada aliniambia. "Nimezeeka, mdogo wangu. Nataka nirudi nimeliona jambo hili kwa macho yangu."

Nilimwambia jua ni kali. Akasema atangoja lipungue. Nilimtazama, naye alikuwa ameshaweka mikono magotini kama mtu atakayengoja kweli.

Nikamwita mwanangu ashike baiskeli. Nilipanda kutokea kibarazani, nikauma meno, nikakanyaga. Nilipita mbele yake nimenyoosha mgongo, bila kuutazama mguu, na nilipiga kengele kwa sababu nilijua anapenda kuisikia. Nyuma yangu sauti yake ilipanda kwa kigelegele na wenzake wakampokea. Nilikata kona ya msikiti, mahali ambapo hawezi kuniona, na hapo nikashika nguzo ya umeme kwa mikono yote miwili, baiskeli imeegemea nguzo chini yangu, mguu unaning'inia. Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea. Mtaa ulikuwa mtupu. Nilikaa nimeikumbatia ile nguzo, nikimngoja mpita njia wa kuniteremsha, na nikawa naomba asiwe mtu anayenifahamu.