Samaki wa Baa ya Bibi Agnesi

Juzi nilikuwa nakaanga samaki aina ya changu jikoni kwangu Tegeta, nikakamulia ndimu mapema mno, mafuta yakaruka, na harufu ile ya ndimu iliyoungua ikanirudisha Bagamoyo moja kwa moja, kwenye baa. Ndiyo, baa. Nimelelewa na watu wa swala tano, baba yangu hakukosa safu ya mbele msikitini kwetu Zinga, na bado utoto wangu unanukia baa. Msiniangalie hivyo, nitaeleza.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya adhuhuri, Baba alitupeleka mimi na Bibi, mama yake mzazi, kula samaki kwa Bibi Agnesi. Baa ile ilikuwa ya familia tangu enzi za marehemu mumewe: paa la makuti, viti vya plastiki, kreti za bia zimepandishwa hadi dirishani, redio ikipiga muziki wa dansi, na bahari hapo hapo nyuma ya jiko. Kaunta ilikuwa ya mwanawe, Anko Festo. Jiko lilikuwa la Bibi Agnesi mwenyewe, Mkristo wa misheni, mnene, miguu imevimba hata kutoka nje ya uzio hawezi. Alikaanga samaki akiwa amekaa.

Bibi yangu hakuwahi kugusa pombe, na hakuna aliyewahi kumshuku. Kwa ajili yake Bibi Agnesi aliweka kikaango cha peke yake na glasi sita zilizotiwa doa la rangi ya kucha kwenye kitako, vyote ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Siku moja Anko Festo, wateja wamemzidi, alichukua glasi moja akammiminia mtu bia. Mama yake alimsema mpaka wanywaji wenyewe wakanyamaza. Glasi ile haikurudi sandukani tena. Iliishia kunyweshea vifaranga.

Meza yetu ilikuwa upande wa jikoni, migongo tumeipa kaunta. Bibi alifika na buibui lake na tasbihi, na kabla hajaketi alikwisha kuanza.

"Hujafa tu, we kizee?"

"Nikifa nani atakulisha? Mkweo hajui hata kuchemsha maji."

Mkwe huyo ndiye mama yangu, aliyebaki nyumbani na wadogo zangu, na kila mwezi nilimfikishia maneno hayo kama yalivyo. Nilikuwa na mdomo, sikatai. Miaka minane, na siri kwangu haikulala.

Changu waliletwa wazima, ngozi imekauka vizuri, na ugali wa moto, na kachumbari, na maji ya ukwaju yenye barafu. Baba alikula haraka akaenda kukaa ufukweni, akawaachia wale wawili meza. Walicheka, walisengenya watu waliokwisha kufa, wakashikana mikono. Bibi alikula kidogo sana, vipande viwili vitatu, sahani akanisogezea mimi. Nililiona hilo kuwa bahati yangu tu. Sikujiuliza hata siku moja mtu anatokaje Zinga kufuata samaki, kisha samaki asimle.

Mwaka huo imamu wetu mzee aliomba kupumzika arudi kwao Makurunge, na kamati ya msikiti ikawa inatafuta wa kushika nafasi yake. Jina la Baba lilitajwa. Nyumbani hakuna aliyelisema wazi, lakini Mama alikwisha kuipiga pasi kanzu nyeupe mara mbili kwa wiki moja, na Baba alikuwa anatembea wima kuliko kawaida.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kondo, alibisha kwetu Jumamosi moja asitukute, Mama akamwambia tu kwamba tumetoka. Jumatatu akanipata chuoni, nimeshika msahafu wangu.

"Juzi nilipita kwenu. Mlikwenda wapi na baba yako?"

"Baa, babu," nilimjibu kwa sauti kubwa, kama mtoto anayejua jibu darasani. "Bagamoyo. Mimi na Baba na Bibi. Tulikula samaki."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mzee Kondo hakucheka. Aliniuliza kama tunakwenda mara kwa mara, nami, kwa kuwa napenda mambo yawe sawasawa, nikamwambia hapana, kila mwisho wa mwezi tu.

Ijumaa baada ya swala alikuja kwetu. Walikaa barazani, mimi nikaleta kahawa, na nikachelewa makusudi kuondoka.

"Wewe tunajua unampeleka tu, na hatusemi mama anakunywa, hasha," Mzee Kondo alisema. "Lakini mama wa imamu aonekane kwenye viti vya baa, watu watatuelewaje? Mwambie aache. Jambo dogo. Ukituambia ameacha, Ijumaa ijayo unapanda mimbari wewe."

Baba alikizungusha kikombe mkononi muda mrefu. "Mpeni mwingine," akasema.

"Hata hujamwuliza mwenyewe!"

"Hilo siwezi kumwuliza, mzee wangu. Na nawaombeni sana, asilisikie."

Mzee Kondo alipoondoka mimi nilipiga makofi. Jumamosi zetu zimepona! Nilirukaruka pale barazani kwa furaha. Baba aliniangalia kidogo, akaniambia nikusanye vikombe, na akaniambia kwamba hili nikilifikisha kwa Bibi nitamjua yeye ni nani. Hilo moja nililiweza.

Bibi aliambiwa kwamba Baba ameona akiwa imamu shamba la mananasi litamlemea. Alimwandama mwezi mzima. "Mwanamume mzima unakataa heshima, unakumbatia mananasi! Utazikwa nayo hayo?" Baba aliitikia, "Ndiyo, Mama," akaendelea kula. Uimamu alipewa bwana mmoja kutoka Vigwaza, na kila Ijumaa Baba alikaa safu ile ile ya mbele akaitikia amina nyuma yake. Na Jumamosi ilipofika aliniambia nivae viatu, bibi yangu ananisubiri.

Bibi Agnesi alifariki nikiwa kidato cha pili. Anko Festo aliendelea na samaki wale wale, kikaango kile kile, lakini Bibi hakurudi. Nilipomsihi twende tukale alinishangaa.

"Tukale nini huko?"

Hapo ndipo akili iliponijia, nimechelewa kama kawaida yangu. Yeye na Bibi Agnesi walikuwa wameuza maandazi pamoja tangu usichana wao. Miguu ya mmoja ilipogoma, mwenzake ndiye aliyekuwa anakwenda. Samaki alikuwa kisingizio, na Baba alilijua hilo siku zote.

Mwaka jana, Bibi naye keshatangulia, nilimwuliza Baba kama uimamu ule aliutaka kweli. Nilitegemea aseme hapana, nipumue.

"Niliutaka sana, mwanangu. Hotuba ya kwanza nilikuwa nimeshaitunga. Nilikuwa naitoa shambani alfajiri, mananasi ndiyo maamuma wangu."

Iliniuma. Nilimwomba radhi kwa mdomo wangu wa siku ile chuoni, machozi yananitoka, mtu mzima na watoto wangu. Akakataa kabisa kuipokea. "Uliulizwa ukasema kweli. Ungedanganya ningekuchapa."

Nikamwuliza hotuba yenyewe ilihusu nini.

"Thawabu za kwenda kumtazama mgonjwa," alisema.

Nilimwomba anisomee. Alikuwa bado anaikumbuka yote.