Safari ya Saa Tatu

Baba yangu ni fundi viatu, na ubishi wake ni mgumu kuliko soli anazoshona. Futi hatumii. Mguu wa mteja anaupima kwa shibiri, na kiatu kikibana, kosa ni la mguu.

Dada alipopata kazi ya uuguzi ng'ambo, Baba aliichukua tiketi akaipima vivyo hivyo. Ndege inaondoka saa mbili asubuhi, inatua kule saa tano asubuhi. Akasema kumbe ni safari ya saa tatu, hata kwa wakwe zake ni mbali zaidi. Nilimweleza kuwa kule saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa tano, na kwamba angani mtu anakaa saa nane nzima. Akaniambia nisimfanye mtoto, jua ni moja.

Miaka sita alimla dada nyama kwa hesabu hiyo. Kila aliyekaa kwenye benchi lake alisikia kuwa binti yupo hapo tu, saa tatu, na haji. Dada akipiga simu, yeye anaendelea kugonga misumari. Mimi niliyempikia na kumfulia sikupata sifa wala lawama. Nani anashukuru kigoda anachokalia? Iliniuma, na inaniuma.

Mwaka huu dada akapata likizo. Mama alinishika mkono akasema hawa wawili wasipopatana safari hii, ndiyo basi tena. Nikamsomea Baba ujumbe: dada anapanda ndege saa kumi na moja alfajiri. Saa ya kufika hakungoja niisome, alisema kuhesabu anajua.

Kulipokucha tukakuta kitanda kitupu. Saa mbili asubuhi alikuwa uwanja wa ndege, kavaa koti aliloolea. Alirudi mchana, akafungua kibanda chake.

Jioni nilikwenda mwenyewe kumpokea dada, njiani nikamsimulia ya asubuhi. Aliingia sebuleni macho mekundu kwa kukosa usingizi, akainama mbele ya Baba.

"Shikamoo, Baba. Nisamehe, umeningoja bure. Ni mbali. Ni saa nane hewani."

Nilijua atabisha. Hakubisha. Alimtazama usoni, na nikaona kwamba safari hii ameamini.

"Saa nane," alisema. "Na wakati unaondoka ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Mtoto wa karibu asipokuja, unamgombeza, atakuja. Wewe ulikwenda mbali hivyo kwa kujua. Sina la kukugombeza."

Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo. Mama alikaa palepale chini. Mimi nikaenda kupakua chakula. Nilikuwa nimetoa sahani nne. Ya Baba nikairudisha kabatini.