Fundi Mstari na Krayoni za Mjukuu

Fundi Mstari aliidharau dunia kwa mpangilio. Alianza na mabango ya plastiki, yale yanayotemwa na mashine kama maganda ya miwa. Akaja kwa wanaoyanunua. Akamalizia na kinyozi wa jirani, aliyeandika jina la kibanda chake kwa chaki, herufi zimelala ubavu kama walevi. Yeye aliandika vibao vya maduka kwa mkono tangu ujana wake, bila rula, na hilo jina la Mstari alipewa na mafundi wenzake. Hao nao aliwadharau.

Kazi zilipokauka alibakiwa na karakana ya bati ubavuni mwa nyumba ya mwanawe, na mjukuu wa kike wa miaka miwili. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana kama mwezi mwandamo. Mkwewe alishona sare kiwandani, na kila asubuhi alimwachia mzee mtoto. Ungemuuliza, angekwambia analea kwa kuwa hana jinsi. Uongo mtupu. Alikuwa akiamka kabla ya jua, ananyoa ndevu, anakaa kizingitini kumngoja huyo bibie mwenye soksi moja.

Jioni moja mkwe alirudi na boksi la krayoni nene kama vidole gumba. Akatandika karatasi kubwa sakafuni, akaibandika kwa utepe pembe zote ili isitembee.

"Baba, hizi ni za mjukuu wako. Nimechagua nene, hawezi kuzimeza. Zikigusa ukuta zinatoka kwa maji. Ila akichora uwe karibu naye, na achore akiwa amekaa. Asikimbie na kitu mkononi."

Mzee akaokota nyekundu, akainusa. "Hii ni rangi au kipande cha sabuni?"

"Ni krayoni, baba."

"Inaandika?"

"Inaandika."

"Hata mkaa unaandika, mama, na hatuuiti fundi."

Mtoto hakungoja mabishano yaishe. Aliishika krayoni kwa ngumi, kama mtu anayetwanga, akazungusha na kuzungusha mpaka karatasi ikajaa mviringo juu ya mviringo. Mzee akainama kutazama, uso wake kama wa mtu aliyeitwa kutambua maiti.

"Nini hiki?"

"Paka," mtoto akasema.

"Paka huyu amegongwa na gari."

"Baba, mkono wake ndio kwanza unajifunza kushika," mkwe akasema. "Mwache azungushe."

"Kuzungusha hata upepo unazungusha."

Kesho yake, mkwe alipokwisha kwenda kazini, mzee alilisukuma boksi la krayoni chini ya kitanda kwa ncha ya kiatu. Mjukuu wa Fundi Mstari kupakaza nta kama anayeng'arisha sakafu? Alimpa brashi halisi, ndogo, ya manyoya laini, na kifuniko chenye maji. Maji matupu, hapo alijiona mwerevu kuliko kiwanda kizima cha krayoni. Naye akaketi kando kumalizia kibao, kopo la rangi nyekundu ya mafuta likiwa miguuni pake.

Sasa, waandika vibao wa zamani wana tabia yao. Brashi ikichanua manyoya, huisafisha kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi ya mafuta, huifuta kwa kitambaa, kisha huipitisha katikati ya midomo, taratibu, mpaka ncha inakuwa kali kama sindano. Aliyemfundisha Mstari alifanya hivyo, na aliyemfundisha huyo naye alifanya hivyo. Ukiwauliza, watakwambia hakuna aliyekufa. Waliokufa hawaulizwi.

Mtoto alikuwa akimkodolea macho. Babu akadhani anatazama herufi, moyo ukamvimba. Mtoto wa miaka miwili atazame herufi za nini? Alikuwa akitazama mdomo. Mzee alipogeuka kuchukua kitambaa, bibie alichovya brashi yake kwenye kopo jekundu, akaibana kwa midomo na kuivuta, taratibu, kifundi kabisa.

Kwa kitambo cha kupepesa jicho, mpumbavu yule aliona fahari. Kisha harufu ya thina ikamfikia kutoka kinywani mwa mtoto. Alimbeba mbio hadi zahanati, kiatu kimoja kikibaki njiani.

"Amelamba nini?" muuguzi akauliza, huku akimfuta mtoto midomo.

"Rangi."

"Rangi ya nini? Ya maji? Ya mafuta? Kopo umekuja nalo?"

Hakuja nalo.

"Umemtapisha?"

"Nilitaka."

"Afadhali hukufanya. Angeweza kuivuta kifuani." Akammulika mtoto kooni, akamsikiliza mapafu. "Nani amemfundisha mtoto kulamba brashi?"

Mzee akatazama dari. Muuguzi akamtazama yeye, pale kwenye pembe ya mdomo palipojaa wekundu mkavu.

"Mzee, naona mnakula chungu kimoja."

Walimweka mtoto hapo mpaka alasiri, wakaona hana kikohozi wala homa, wakamruhusu. Mkwe alifika na nyuzi za kiwandani zikiwa bado zimemng'ang'ania gauni. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha mzee kuliko kelele.

"Jumatatu anaanza kwa yule mama anayelea watoto," akasema.

"Yule huwawashia televisheni kutwa."

"Televisheni hailambwi, baba."

Wakashika njia ya nyumbani. Fundi Mstari hakuwa amezoea kuomba. Kuomba kulimtoka upande upande, kama kaa.

"Na nikiacha?"

"Ukiacha nini?"

"Kulamba."

"Umelamba tangu mume wangu hajazaliwa."

"Nimekuuliza, nikiacha?"

Mkwe akamhamisha mtoto bega. "Jumamosi nipo nyumbani. Nitaona kwa macho yangu. Rangi na thina zikae juu, zifungiwe. Na yeye achore kwa krayoni zake."

Jumamosi, yule kinyozi wa chaki alikuja kungojea kibao alichoagiza, akaketi kwenye kigoda. Kibao kilisimama juu ya meza ndefu, mbali na mikono mifupi. Mkwe alikuwa mlangoni akikunja nguo, mtoto kakaa mbele yake juu ya karatasi na krayoni ya bluu.

KINYOZI MARIDADI. Kazi ilikwenda vizuri hadi herufi ya mwisho, ambayo Mstari huimalizia kwa mkia mwembamba kama unywele. Brashi ikachanua. Mkono wa mzee ukapanda wenyewe kuelekea mdomoni.

Mtoto akaacha kuchora. Krayoni ya bluu nayo ikaanza kupanda.

Mkwe akasimama na shati nusu limekunjwa.

Mkono wa mzee uling'ang'ania hewani. Kisha ukashuka. Aliisokota brashi kwenye kitambaa, akaibana kwa kidole gumba, nayo ikakataa kabisa kuwa na ncha. Akaandika hivyo hivyo. Mkia ulitoka na manyoya, wa kwanza wa aina yake katika maisha yake, na rangi ya mafuta haisamehe. Krayoni ilikwisha kurudi kwenye karatasi.

Kinyozi akasogea, akainamisha kichwa. "Fundi, herufi ya mwisho ina ndevu."

"Wewe si kinyozi? Inyoe."

Kinyozi alicheka, akakibeba kibao, akakitundika mbele ya barabara nzima. Mafundi wenzake Mstari walipita pale wikiendi yote, wakioneshana kwa kidole: mzee kachoka, mkono umekwisha. Aliwaona, akawadharau, lakini safari hii ilimgharimu.

Jumapili jioni mkwe alikuja mlangoni mwa karakana. "Kesho naingia zamu ya mapema. Chakula cha mtoto nitakiacha mezani."

"Acha na karatasi," mzee akasema bila kugeuka. "Huyo anazimaliza kama mbuzi."